Uraia ni wa Muungano, cheti cha kuzaliwa ni cha kila upande

Ukifungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano utakuta orodha ya mambo 22 ya Muungano. Uraia umo. Uhamiaji umo, elimu ya juu imo, takwimu zimo, hata usajili wa vyama vya siasa umo. Usajili wa mtoto aliyezaliwa jana usiku haumo. Wala wa maiti anayezikwa leo alasiri, wala wa ndoa, wala wa talaka. Hayo Tanzania Bara inajifanyia kwa sheria zake na Zanzibar inajifanyia kwa sheria zake.

Matokeo yake ni kwamba pasipoti ya Mtanzania ni mali ya Muungano, lakini karatasi inayothibitisha kuwa mwenye pasipoti alizaliwa lini, wapi na kwa nani si ya Muungano. Ofisa wa Uhamiaji anayepokea maombi ya pasipoti anataka cheti cha mwombaji na cha mzazi wake, au hati ya kiapo panapokosekana cheti. Nyaraka hizo zinaweza kuwa zimetoka katika rejesta mbili zilizoandikwa chini ya sheria mbili ambazo hazikutungwa pamoja. Ofisa huyo anatekeleza sheria ya Muungano kwa kutegemea ushahidi ambao Muungano wenyewe hauna mamlaka nao.

Mjadala huu ukianza, haraka sana mtu husema dawa ni kuliingiza jambo la 23 kwenye orodha. Siafiki, na sababu zangu nitazieleza. Lakini kwanza tuangalie tofauti zenyewe, maana wengi huzungumzia "sheria mbili" bila kuonyesha zinamuumiza nani.

Bara tunatumia Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Ilitungwa mwaka 1920, Waingereza wakiwa ndiyo kwanza wanajipanga kuitawala Tanganyika baada ya Wajerumani, na ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Imetiwa viraka mara nyingi tangu hapo, ila mifupa ni ileile. Wakati ule usajili wa lazima uliwahusu wasio Waafrika. Mwafrika kuzaliwa au kufa halikuwa jambo ambalo serikali ilijisumbua kuliandika. Ulazima ulipokuja kumfikia Mwafrika ulienda kwa vipande, wilaya hadi wilaya, na uliendelea hivyo hata baada ya uhuru. Kwa hiyo kabla hata hujavuka maji kwenda Unguja, Bara penyewe hapajawahi kuwa na usajili wa namna moja kwa watu wote kwa muda mrefu.

Jambo la kushangaza ni kwamba tabia hiyo ya vipande imerudi karne hii, safari hii kwa nia njema. Mwaka 2013 ulianza Mbeya mpango wa kusajili watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Kabla ya hapo mzazi aliyejifungulia hospitali alikabidhiwa tangazo la kizazi, kisha akatakiwa kulipeleka ofisi ya wilaya, alipe, asubiri cheti. Wengi hawakwenda. Walilikunja tangazo, wakaliweka pamoja na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ukaingia sandukuni, na mpaka leo ukiwauliza watakujibu kwa uhakika kabisa kwamba cheti cha mtoto wanacho. Mtoto akifika kidato cha sita ndipo wanapogundua kuwa walichokitunza miaka yote ni taarifa tu kwamba mtoto alizaliwa.

Mpango wa 2013 ulilitatua hilo kwa njia rahisi: mtoto anasajiliwa kwenye kituo cha afya alikozaliwa au ofisi ya kata, taarifa zinatumwa kwa simu ya mkononi, cheti kinaandikwa palepale, bure. Ni moja ya mambo mazuri ambayo Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, umefanya tangu ulipoundwa mwaka 2006. Ila uliingia mkoa mmoja mmoja, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Kwa miaka mingi sheria ikawa moja lakini huduma mbili: mtoto wa Mbeya anapewa cheti bure katani, wa mkoa ambao zamu yake haijafika mzazi wake anafunga safari na kulipa ada. Hakuna Bunge lililokaa likaamua kwamba haki ya mtoto itategemea mkoa. Iliamuliwa na ratiba ya fedha za mradi. Haki inapokaa kwenye mradi badala ya kukaa kwenye kifungu cha sheria, mambo huwa hivyo.

Zanzibar walitangulia. Mwaka 2018 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Na. 3 iliyounda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Humo wameweka pamoja kizazi, kifo, ndoa, talaka na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Bara mambo hayo yametawanyika: vizazi, vifo, ndoa na talaka viko RITA chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, kitambulisho kiko NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Tofauti ya matokeo haikuanza na sheria hiyo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta kwamba nchi nzima ni asilimia 26 tu ya watoto chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa, wakati Zanzibar peke yake ilikuwa zaidi ya watoto tisa katika kila kumi. Tusiwapigie Wazanzibari makofi kupita kiasi: sensa ya 2022 ilihesabu huko watu 1,889,773, na Bara karibu milioni 60. Sheha anaijua kila nyumba ya shehia yake. Mtendaji wa kata huko Kiteto ana vitongoji ambavyo masika yakikolea havifikiki. Lakini jiografia haielezi kila kitu. Zanzibar cheti kimekuwa kitu kinachoulizwa mapema maishani, na mtu huhangaikia kile anachojua ataulizwa.

Sasa ichukue familia ya kawaida ya pwani. Baba wa Tanga, mama wa Wete. Mtoto wa kwanza amezaliwa Tanga mjini, wa pili mama alikwenda kujifungulia kwao Pemba kama ada ya wengi. Watoto wa tumbo moja, vyeti vya serikali mbili. Wote wawili wanafika chuo kikuu na kuomba mkopo. Hapa kwa bahati njema mambo yako sawa: Bodi ya Mikopo, ambayo ni chombo cha Muungano, inakubali cheti kilichohakikiwa na RITA na kile kilichohakikiwa na wakala wa Zanzibar. Kila mtoto anahakiki kwake. Inawezekana, basi.

Ila angalia inawezekana kwa nguvu ya nini. Ni mwongozo wa waombaji unaotolewa kila mwaka. Mwongozo mwingine wa taasisi nyingine unaweza kuisahau Zanzibar kabisa, na huwa inasahaulika, kwa sababu anayeandika "cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA" anaandika anachokijua. Mtoto wa pili akiomba kazi kwa mwajiri wa Songea au Sumbawanga ambaye maishani mwake hajawahi kuona cheti cha Zanzibar, kinachoamua ni hekima ya aliyeko dirishani. Akiwa mwelewa atapiga simu kuuliza. Asipokuwa mwelewa atamwambia kijana, "Nenda RITA wakakihakiki." RITA haiwezi kuhakiki kisichokuwa kwenye rejesta yake. Kijana anabaki anazunguka.

Kisha ipo namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyebuni hivyo alikuwa na sababu zake, lakini maana yake ni kwamba tarehe ya kuzaliwa ikikosewa, kosa haliko tu kwenye kumbukumbu. Liko ndani ya namba yenyewe ambayo benki, kampuni ya simu na mwajiri wamekwisha kuinukuu. Tunakumbuka foleni za mwishoni mwa 2019 wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mpaka muda ukasogezwa kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020. Umati ule ulipata namba watu wengi wakiwa hawana cheti cha kuzaliwa. Walisema tarehe wanayoijua au waliyoandikishwa shuleni. Sasa wanapokwenda kutafuta cheti baada ya kupata namba, cheti kinatakiwa kifanane na namba. Kwa utaratibu wa akili ya kawaida namba ndiyo ingetakiwa kukifuata cheti.

Mzanzibari ana kadhia ya ziada. Yeye ana cheti, ana kitambulisho cha Mzanzibari, na ana namba ya NIDA. Maandiko matatu, ofisi mbili, serikali mbili. Herufi moja ikitofautiana katika jina, Asha huku na Aisha kule, anaanza safari ya hati ya kiapo. Wanasheria wanaojua biashara ya viapo watakwambia kwamba ni mkate wao wa kila siku.

Kwenye ndoa ndipo sheria zinapoachana zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe ilikuwa kazi kubwa ya kuunganisha. Ilizikusanya chini ya paa moja ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya kimila na ya bomani, ambazo kabla yake kila moja ilikuwa na njia yake. Ila ilikomea ufukweni. Zanzibar haiitumii; huko ndoa na talaka za Waislamu, ambao ndio karibu watu wote, zinashughulikiwa kwa sheria zao za usajili na mahakama za kadhi. Mwanamke aliyeachwa Unguja na talaka yake ikaandikwa kihalali huko, akitaka kuolewa Dar es Salaam, anakutana na msajili aliyezoea kudai hukumu ya mahakama ya Bara. Karatasi ya kadhi anaitazama mara mbili. Naye si wa kulaumiwa sana, kwa sababu fomu aliyopewa haikumwambia afanye nini na karatasi hiyo.

Na umri wa kuolewa, suala ambalo tumelibishania sana, lina mkia kwenye usajili. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba. Miaka ikapita Bunge bila kuvirekebisha. Lakini tuseme vingerekebishwa kesho asubuhi. Msajili wa ndoa kijijini angejuaje kwamba bibi harusi ana miaka 18, ikiwa kuzaliwa kwake hakukuandikwa popote? Angemuuliza baba mtu. Na baba mtu ndiye mwenye haraka.

Basi kwa nini nisiungane na wanaotaka usajili uwe jambo la Muungano?

Kwa sababu Zanzibar usajili umebeba siasa ambayo Bara haipo. Ipo Sheria ya Mzanzibari ya 1985 inayosema nani ni Mzanzibari, na kuzaliwa huko ni sehemu ya hesabu hiyo. Kitambulisho cha Mzanzibari kinahitajika ili kuandikishwa kupiga kura ya Zanzibar, na uchaguzi hadi uchaguzi vyama vya upinzani vimelalamika kwamba kuna watu wao wananyimwa. Mwenye rejesta ana neno katika swali la nani anapiga kura. Ukiwaambia Wazanzibari kwamba rejesta hiyo ihamie Dodoma, hawatasikia habari ya urahisi wa kuhakiki vyeti. Watasikia kwamba kipande kingine cha mamlaka kinaondoka. Orodha ilianza na mambo 11 mwaka 1964, na kule visiwani kila jambo lililoongezwa lina hesabu yake ya manung'uniko. Tutakuwa tumechukua tatizo la makaratasi na kulifanya kero ya Muungano, na kero za Muungano tunajua zinavyokaa mezani.

Kisheria pia njia hiyo ni ndefu. Ibara ya 64(4) inasema sheria ya Bunge haitatumika Zanzibar ila kwa masharti, na mojawapo ni kwamba itamke wazi kuwa inatumika huko. Kubadili orodha yenyewe kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa kila upande.

Zaidi ya yote, halihitajiki. Uingereza ni dola moja, na mzazi wa England ana siku 42 za kusajili mtoto wakati wa Scotland ana siku 21, kila sehemu na msajili mkuu wake. Cheti cha Scotland hakikataliwi London. Australia wako karibu zaidi na mfano ninaoutaka. Kule usajili ni wa majimbo, na serikali ya shirikisho haikuwanyang'anya. Miaka ya 1990 majimbo yalikubaliana juu ya sheria ya mfano, kisha kila bunge likatunga yake kwa kufuata maandishi hayo. New South Wales walitunga 1995, Victoria 1996, Queensland wakajivuta mpaka 2003. Hazikufanana neno kwa neno, na si lazima zifanane. Kilichofanana ni kiini.

Kwetu ni rahisi zaidi kwa kuwa mabunge ni mawili tu. Bunge la Dodoma na Baraza la Wawakilishi la Chukwani wanaweza kupitisha sheria mbili zenye kiini kimoja, na kila upande ukabaki na wakala wake, nembo yake na mapato yake. Katika kiini hicho mimi ningeng'ang'ania hasa kifungu cha kutambuana: cheti kilichotolewa na mamlaka halali ya upande mmoja ni ushahidi kamili upande wa pili, mbele ya mahakama, ofisi ya umma au mwajiri, na hakuna atakayemtaka mwenye cheti akihakiki kwa mamlaka ambayo haikukitoa. Sentensi mbili. Zingemwondolea yule kijana wa Wete misukosuko yote niliyoisema.

Mengine yanafuata. Muda wa kutoa taarifa uwe mmoja. Bara ni siku 90 kwa kizazi na siku 30 kwa kifo, na kizazi kilichopita miaka kumi hakisajiliwi ila kwa idhini ya Msajili Mkuu, utaratibu ulioandikwa kwa kumhofia mdanganyifu kuliko kumfikiria bibi wa Namtumbo. Taarifa zinazoandikwa ziwe zilezile kwa mpangilio uleule, majina matatu yakiwa kila moja na nafasi yake. Ubure wa cheti cha kwanza uandikwe ndani ya sheria, utoke kwenye mradi. Kusahihisha kosa la herufi kufanyike ofisi yoyote ya upande wowote, na marekebisho yatumwe kwenye rejesta ya asili. Suala la namba moja ya mtu tangu kuzaliwa, Jamii Namba, limekwisha kutajwa sana na viongozi. Ni wazo zuri, lakini namba inayotolewa na mifumo ambayo sheria zake hazijakubaliana nani anaandika nini itazaa tarakimu nyingine tu ya kubeba.

Na safari hii, anayetakiwa kukimbia ili amfikie mwenzake ni Bara. Zanzibar ina sheria ya 2018. Sisi tuna ya 1920. Tumezoea kuizungumzia Zanzibar kama upande unaosubiriwa. Katika hili mwandishi wa sheria wa Bara angeanza kwa kuisoma ya Zanzibar, akachukua yanayomfaa, na kuwaachia yasiyomfaa.

Vifo ndivyo vitakavyompa kazi kubwa. Watu wengi Bara huzikwa kijijini bila kuandikwa, na anayefuatilia cheti cha kifo hufanya hivyo mirathi inapodai: kiwanja, akaunti ya benki, mafao. Mtu wa Wete akifia Dar es Salaam asubuhi, mara nyingi jamaa zake wanataka azikwe kwao kabla ya siku kupinduka. Kifo kimetokea Bara, kwa hiyo kinaandikwa Bara. Kuzaliwa kwake, ndoa yake na kitambulisho chake viko Zanzibar. Namba yake ya NIDA iko ofisi ya tatu. Sheria ziseme waziwazi nani anampelekea nani taarifa, ndani ya siku ngapi, na nani analipa faini asipopeleka, ili mjane asiwe ndiye tarishi kati ya wakala mbili na NIDA akiwa bado kwenye eda. Wanasheria wa serikali zote mbili wakikaa kuandika pamoja, ningewashauri waanze na kifungu hicho kabla ya kile cha kizazi, kwa sababu ndicho kigumu. Bara ikiandika yake peke yake kisha Zanzibar ikarekebisha yake baadaye kwa wakati wake, tutakuwa na sheria mbili mpya ambazo nazo hazikukutana.